Mstari wa Kumi na Moja

Chuoni wananiita Tindikali. Waliolianzisha jina hilo hawajawahi kulitamka mbele yangu, lakini ukuta wa chumba chetu cha sayansi ni wa mbao nyembamba na masikio yangu ni mazima. Nina miaka arobaini na sita. Ishirini na miwili kati ya hiyo nimefundisha watoto wa shule ya msingi kwa cheti tu, mpaka wakubwa walipotuambia kwamba asiye na shahada ajitafutie kazi nyingine. Basi nikarudi dawatini, nikakaa na mabinti ambao ningeweza kuwazaa, tukaanza kusoma shahada ya ualimu wa sayansi kwa shule za msingi.

Upande wa pili wa ukuta ule wa mbao wanasoma ustawi wa jamii. Sisi tunachanganya siki na magadi, wao wanachanganya machozi na karatasi laini. Mmoja anajifanya mteja, mwingine anajifanya afisa, wanapanga viti viwili mshazari ili magoti yasigombane, halafu mteja wa uongo anaanza kulia na afisa wa uongo anamwambia, "Nakusikia." Kila Jumanne saa nne asubuhi. Hata mimi nilikuwa namsikia, na somo langu la sumaku lilikuwa linaharibika.

Miongoni mwa hao wanaosikia watu kwa ratiba alikuwamo wifi yangu.

Namwita wifi kwa heshima ya marehemu mdogo wangu, aliyeolewa na kaka yake. Mdogo wangu alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha binti mmoja wa miaka saba. Kabla hajafumba macho aliushika mkono wa mtoto akautia ndani ya mkono wangu, na wifi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, ameona kwa macho yake mawili. Baba wa mtoto ni dereva wa malori ya masafa marefu. Shemeji yangu ni mtu wa kukubali. Ukimwambia mvua inanyesha anafungua mwavuli ndani ya nyumba. Mimi nilimwambia mtoto atakaa kwangu, akasema sawa. Dada yake alimwambia mtoto ni wa kwao, akasema sawa. Tangu hapo mimi na wifi tunasalimiana kwa meno tu.

Mtoto tulimpa jina la utani Chiriku tangu ana miaka miwili, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa anaongea mpaka usingizini. Siku hizi ametulia, na mimi nilikuwa nikijivunia utulivu huo mbele ya majirani.

Kama huijui kazi yetu, acha nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaelewa jinsi nilivyokasirika. Ukiufunika mshumaa kwa glasi mbele ya mtoto, moto ukazimika, ukamuuliza umeona nini, atakwambia hewa imekwisha. Mwongo. Hakuona hewa ikiisha, ameona moto umezimika. Kazi ya mwalimu wa sayansi ya watoto ni kumtenganishia hayo mawili. Unachora mstari katikati ya ubao, kushoto unaandika NIMEONA, kulia unaandika NADHANI, na kila neno la mtoto linatafutiwa upande wake. Mwalimu wetu wa mbinu, mzee mwenye koti lililoungua tundu mfukoni, alitufundisha hilo wiki ya kwanza. Aliongeza jambo fulani kuhusu ile safu ya kulia, lakini mimi nilikuwa nimeshaandika nilichokitaka, nikafunga daftari.

Nikaipeleka ile kanuni nyumbani. Chiriku akisema jirani amekasirika, namuuliza, "Umeona au unadhani?" Akisema kesho itanyesha, "Umeona au unadhani?" Akisema ameota mama yake yuko sehemu nzuri, nilimuuliza hivyo hivyo. Ndivyo ninavyofundisha. Ndivyo anavyojengwa mtu asiyetapeliwa na dunia.

Kila Jumatano tunakuwa na somo la pamoja, sisi na watu wa ustawi, ndani ya ukumbi wenye feni moja inayofanya kazi na nyingine inayotazama tu. Somo linaitwa Mtoto na Malezi. Mhadhiri wake ni mama wa ustawi mwenye sauti ya kubembeleza, hata akikutukana utadhani anakulaza. Jumatano moja alitugawia karatasi zilizopigwa chapa, akasema ni ripoti bora ya mwaka, imeandikwa na mwanafunzi wake baada ya kutembelea familia moja, na majina yote yamefutwa kama sheria yao inavyotaka. Tukae vikundi vya watu watano, tuisome, tuijadili.

"Soma wewe, mama, una sauti," mabinti wa kikundi changu wakaniambia.

Nikavaa miwani.

"Mtoto ni wa kike, miaka kumi, amefiwa na mama. Analelewa na mama yake mkubwa, mwanamke asiye na mume, mwenye hasira za karibu. Mwandishi ni jirani wa familia." Wenzangu wakaguna. Watu wa ustawi kila jambo wanalipa namba, kwa hiyo nikaendelea kwa namba. "Moja. Chini ya kitanda cha mtoto pamekutwa vipande vinne vya mkate vilivyoota ukungu, vimefungwa kwenye mifuko. Inaonekana mtoto anaficha chakula kwa kuogopa njaa."

Masikini, nikawaza. Nilimsikitikia kabisa huyo mtoto wa watu.

"Mbili. Mtoto alikutwa jikoni ametumbukiza mkono mmoja kwenye maji ya barafu na mwingine kwenye maji ya moto. Alipoulizwa, alisema ameagizwa."

Hapo nikaacha kusoma. Mikono ile niliiagiza mimi. Unaweka mmoja kwenye maji baridi, mwingine kwenye maji ya vuguvugu, halafu yote miwili kwenye maji ya kawaida, na mtoto anagundua kwamba ngozi si kipimajoto. Kila kitabu cha sayansi ya watoto duniani kina jaribio hilo.

"Endelea, mama," mmoja akasema. "Huyo mwanamke ni mnyama."

Nikaendelea. Tatu, konokono chumbani. Nne, vidole vya mtoto vina masizi. Tano, maharage yameoteshwa ndani ya kabati la nguo, dalili ya ukosefu wa nafasi. Nilisoma maisha yangu kwa sauti yangu mwenyewe huku mabinti wakitikisa vichwa. Mmoja alisema mama wa namna hiyo angefungwa. Mwingine akanigeukia kwa heshima zote akaniuliza, "Wewe ni mwalimu wa siku nyingi. Watu kama hawa wanakuwaje?"

"Ngoja nimalize," nikamwambia.

"Kumi na moja. Katika dakika arobaini za matembezi, mtoto alisema maneno kumi na manne. Kabla ya kila jibu alimtazama mama mkubwa."

Mstari huo niliusoma haraka, nikaigeuza karatasi kifudifudi.

Mhadhiri akapiga makofi kidogo kuomba utulivu. Akasema, kwa sauti yake ile ya kulaza, kwamba ripoti yenye mambo kama hayo haiishii darasani. Sheria inawalazimisha. Ameshaipeleka ofisi ya ustawi, na Jumatatu saa tatu afisa atakuja chuoni kukaa kikao na mwandishi na mlezi, ili iamuliwe kama mtoto ahamishwe. Barua ya mlezi ilikuwa imetumwa kazini kwake. Kazini kwangu ni shule ambayo sijaikanyaga tangu nichukue likizo ya masomo. Kwa hiyo mlezi alikuwa amekaa pale pale ukumbini, safu ya tatu, jasho linamtoka kwapani, anapata habari zake pamoja na wanafunzi mia moja na ishirini.

Jumatatu wangekaa watu, wangesoma karatasi ile, na Chiriku angetolewa nyumbani kwangu.

Mtu wa ustawi aliyewahi kuingia chumba cha Chiriku ni mmoja tu. Nilimkuta wifi kwenye korido, anakunywa maji bombani kwa kiganja.

"Wifi."

"Abee, dada."

"Jumapili ile ulikuja kwangu kumsalimia mtoto."

Akajifuta mdomo. "Nilimsalimia."

"Ulikuja na kalamu. Nimekukaribisha, nimekupisha kiti changu, nimekuonyesha mpaka chumba cha mtoto. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Nilihitaji kisa, dada. Kila mtu darasani alikuwa ameshapata kisa. Nilikwenda tu kusalimia, Mungu ni shahidi. Halafu nikaona nilivyoona."

"Uliona mkate umewekewa lebo, ukaandika njaa."

"Lebo sikuziona."

"Hukutaka kuziona. Na hapa umeandika jirani. Jirani wa nani? Wewe unakaa mitaa sita kutoka kwangu."

Akageuka kulifunga bomba. Nilimjua tangu binti. Akikupa mgongo ujue umegusa pale pale.

"Sheria yenu inakataza mtu kuandika ripoti juu ya ndugu yake," nikamwambia. "Mmekuwa mkiikariri mwaka mzima, nami nimeijua kupitia ukuta. Mmefuta majina yote, na wewe ukatumia nafasi hiyo kufuta undugu. Mwalimu wako hajui amempa alama za juu shangazi wa mtoto. Jumatatu atajua."

"Dada, usiniharibie. Nimebakiza mwaka mmoja."

"Nani kaanza?"

Macho yakamlegea kwanza, kisha yakakaza. "Haya, niharibie. Lakini nijibu moja. Mara ya mwisho Chiriku kucheka nyumbani kwako ilikuwa lini?"

"Usinianze."

"Nakuuliza wewe, mama yake mkubwa. Kwangu akija hanyamazi. Anaongea mpaka namwambia mwanangu, pumua."

"Kwako anaangalia televisheni," nikasema, nikaondoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sasa ningemchoma yeye, tuone atalia kwa sauti ya darasani au ya kweli.

Nilijiandaa siku nne. Nilitoa ile mifuko ya mkate chini ya kitanda. Kila mmoja ulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa mwandiko wa Chiriku: Mkavu. Uliolowa. Wenye siki. Wenye chumvi. Chini yake tarehe, na rangi ya ukungu siku kwa siku. Nani mwenye njaa anaandikia mkate tarehe? Nilichukua maharage yake, nikachukua chupa ya konokono wake wawili wenye kifuniko chenye matundu, nikavipanga mezani kama mtu anayekwenda mahakamani.

Jumapili jioni tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua, yeye anasuuza. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba kesho kuna watu wanataka kujua kuhusu majaribio yake.

"Mama mkubwa," akasema. "Nadhani shangazi…"

"Umeona au unadhani?"

Akaisuuza sahani ile mara mbili. "Nadhani."

"Basi."

Akaipanga sahani, akachukua nyingine. Nami nikaendelea kupanga hoja zangu kichwani.

Kikao kilifanyika kwenye chumba chao cha mazoezi, upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa sijawahi kuingia. Vile viti mshazari, lile boksi la karatasi laini juu ya meza ndogo, picha ya ua ukutani. Nilikisogeza kiti changu kikatazamana na watu uso kwa uso. Afisa wa ustawi alikuwa mwanamume mnene, mtaratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni ambazo alizijaribu zote kabla ya kupata inayoandika. Mhadhiri alikaa kulia kwake, wifi kushoto. Chiriku nilimwacha nje kwenye benchi na chupa yake ya konokono mapajani.

"Mwalimu," afisa akasema, "ripoti umeisoma?"

"Nimeisoma kwa sauti, mbele ya watu."

Mhadhiri akainamisha kichwa. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mlezi mwenyewe alikuwamo ukumbini ile Jumatano.

Nikaomba ubao. Nikachora mstari katikati, NIMEONA kushoto, NADHANI kulia, nikaanza na namba moja. Mkate wenye ukungu umeonwa, naam, uende kushoto. Hofu ya njaa haikuonwa na mtu, iende kulia. Nikaweka mifuko mezani. Afisa akaisoma lebo moja baada ya nyingine, akaunusa mmoja kwa bahati mbaya, akakohoa. Namba mbili nikaileta na mabakuli matatu, nikamtumbukizisha afisa mwenyewe mikono. "Ajabu," akasema, mikono ndani ya maji, "mkono huu unasema moto, huu unasema baridi."

"Nani kakuagiza?" nikamuuliza.

"Wewe."

"Niandikie ripoti, basi."

Akacheka. Mhadhiri alijizuia asicheke. Wifi alikuwa anakunja kona ya karatasi yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nilikwenda hivyo mpaka namba kumi, na safu ya kulia ikajaa maneno yake yote: njaa, mateso, uchafu, dhiki. Nilikuwa na raha ambayo si nzuri kusimulia. Kisha nikageuka, nikawaambia huyu jirani aliyeandika ni nani. Nikatoa picha ya harusi ya mdogo wangu, bibi harusi katikati, mimi kulia, jirani kushoto amevaa nguo iliyoshonwa kutoka jora moja na yangu.

Mhadhiri aliitazama picha, akamtazama mwanafunzi wake. Sauti ya kulaza haikuwepo tena.

"Wewe ni shangazi wa mtoto?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na umeandika jirani."

"Ndiyo." Halafu wifi akainua uso, na machozi yake hayakuwa ya Jumanne saa nne. "Nimekosa, nifukuzeni. Lakini ameruka ya kumi na moja."

Kila mtu akautazama ubao. Safu mbili zilikuwa na namba moja mpaka kumi.

"Haina uzito," nikasema.

"Tutajuaje uzito wake, na hujaiweka ubaoni?" afisa akauliza, bila ubaya wowote.

"Mtoto mwenye adabu huwatazama wakubwa. Na maneno hayahesabiwi kama kondoo."

 Afisa alifunga jalada la ripoti, akaweka kalamu juu yake. "Hii siwezi kuitumia. Imeandikwa na ndugu, na imejaa mambo ya kukisia. Mtoto abaki alipo." Moyo wangu ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Ila nimekuja mpaka hapa, acha nimsikie mwenye shauri, nisaini twende zetu."

Wakamwita Chiriku. Aliingia ameikumbatia chupa, akatoa shikamoo kwa kila mmoja, akakaa kwenye kiti cha mshazari. Alipomfikia wifi kwa shikamoo alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha.

"Hao ni konokono?" afisa akamuuliza.

Chiriku akanitazama. "Ndiyo."

"Wanakula nini?"

Akanitazama. "Majani."

"Wanapenda majani gani zaidi?"

Akanitazama tena. Sikutaka kuhesabu, lakini mimi ni mwalimu wa sayansi, na kuhesabu kumeshaniingia mwilini. "Sijapima," akasema.

"Sawa. Sasa mwanangu, mimi sitaki jibu la darasani. Ungependa kukaa wapi? Kwa mama mkubwa au kwa shangazi? Usiogope, hakuna atakayekasirika."

Nilimtikisia kichwa aseme. Niliamini atanitaja mimi. Naapa niliamini.

"Siwezi kusema," Chiriku akasema.

"Kwa nini?"

"Nitakuwa nadhani tu." Alisema taratibu, kama mwanafunzi anayelijua jibu sahihi na anataka alama zake. "Kudhani hakusemwi."

 Kalamu ya afisa ilikuwa imesimama hewani. Na katika ukimya huo nikausikia ukuta wa mbao, kwa mara ya kwanza nikiwa upande huu. Mzee wetu wa mbinu alikuwa anafundisha mwaka wa kwanza. "Haya, hiyo ndiyo mliyoona," alikuwa anasema. "Sasa njooni huku kulia. Mnadhani nini? Semeni tu, msiogope, safu hii msiifute kamwe, ndiyo inayomrudisha mtoto darasani kesho." Darasa zima likalipuka kwa kelele, kila mtu anadhani lake. Chiriku akageuza kichwa kuelekea ukutani, akatega sikio, na mdomo wake ukafunguka kidogo kama mtu aliyesikia wenzake wanacheza nje.

Hilo ndilo jambo nililofunga daftari nisiliandike.

Nilihesabu. Dada mtu mzima, mwenye picha ya harusi mkononi na ushindi mfukoni, nilisimama pale nikahesabu maneno ya mtoto wa mdogo wangu tangu aingie, ukiacha shikamoo zake. Yalikuwa kumi. Na kila jibu lilianza kwa kunitazama mimi, mpaka lile la mwisho, ambalo hakuhitaji kunitazama kwa sababu lilikuwa langu.

Nikachukua chaki. Katika safu ya kushoto, chini ya namba kumi, niliandika kwa mwandiko wangu: *11. Mtoto hasemi mbele yangu.* Chaki ilivunjika kwenye neno la mwisho, nikalimalizia kwa kipande.

"Mwalimu?" afisa akasema.

"Imeonwa," nikamwambia. "Ni sahihi."

Wifi alikuwa ameacha kulia. Ananitazama utadhani nimemnyang'anya kitu.

"Nimeshasema mtoto anabaki kwako," afisa akasema.

"Nimesikia. Wiki ijayo shule zinafunga. Aende kwa shangazi yake likizo nzima."

"Halafu?"

"Halafu arudi. Nikiwa nimejifunza."

Afisa akaandika hivyo, nami nikasaini, na wifi akasaini chini yangu. Usifikiri tulikumbatiana. Malalamiko niliyoyaandika chuoni dhidi ya wifi sikuyafuta. Alidanganya, na uongo wake ulibaki uongo. Wakamrudisha nyuma mwaka mzima. Akanitumia ujumbe wa maneno matatu ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mimi nikamrudishia manne. Simpendi hata leo. Mtu anaweza kukwambia kweli na bado ukatamani aanguke ngazini.

Siku ya kwanza ya likizo wifi alikuja kumchukua mtoto. Hakuingia ndani, alisimama kwenye ngazi ya ghorofa yetu, chini kidogo ya mlango. Nilimkabidhi begi la mtoto bila salamu, akalipokea bila salamu. Chiriku alikuwa na chupa yake ya konokono. Nilimfunga kamba za viatu ingawa anajua kufunga.

"Jumapili ile tukiosha vyombo," nikamwambia, nimeinama, "ulitaka kuniambia unadhani nini kuhusu shangazi?"

Akanitazama. Akatafuta usoni kwangu kama kuna mtihani.

"Nimesahau," akasema.

Sikumuuliza kama ameona au anadhani. Nilimbusu utosini, nikafunga mlango, nikabaki nimesimama nyuma yake, mkono kwenye kitasa. Nikasikia viatu vyao vinashuka. Ngazi moja, mbili, tatu. Kwenye kona ya kwanza, pale wanapodhani hawasikiki, ile sauti ikaanza, ile ya miaka saba, isiyo na breki.

"Shangazi, unajua nini, nadhani huyu konokono mkubwa ni mama yake huyu mdogo, na nadhani usiku wanaongea, na nadhani mama mkubwa…"

Wakapinda kona, na ghorofa ikameza iliyobaki.